Taa ya injini imewaka: pima kwanza, sensa utanunua baadaye

Taa ya injini ikiwaka na kutulia, unaweza kuendesha taratibu hadi gereji. Ikipepesa, gari linamisi vibaya: petroli isiyoungua inaingia kwenye egzosi na kuunguza masega (kifaa cha kusafisha moshi ndani ya egzosi). Toa mguu kwenye mafuta, simama mahali salama. Usililazimishe kutoka Boma Ng'ombe hadi Arusha taa ikiwa bado inapepesa.

1. Soma kodi (namba ya kosa iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari) kabla ya kugusa chochote. Ukichomoa betri unafuta kodi pamoja na kumbukumbu ya hali ya injini kosa lilipotokea: joto, mzunguko, mwendo. Hiyo kumbukumbu ni nusu ya jibu. Soketi ya pini 16 iko chini ya dashibodi, upande wa dereva. Chomeka mashine ya kusomea kodi, washa swichi bila kupiga stati. Kifaa kidogo cha ELM327 na simu vinatosha kwa kodi nyingi zinazoanza na P0. Baadhi ya magari ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayaongei na kifaa hicho. Hapo tafuta fundi mwenye mashine inayoyafahamu. Andika kodi zote, usiache hata moja.

2. Kodi inataja tatizo, haitaji kifaa cha kununua. P0171 maana yake hewa imezidi kwa petroli iliyopo. Sensa ya oksijeni, iliyoko kwenye egzosi, ndiyo iliyotoa taarifa. Kuibadilisha kwa sababu hiyo tu ni kumfukuza mlinzi aliyekuamsha kwamba kuna mwizi. Pesa nyingi za wenye magari zinapotelea hapa.

3. Kwa P0171, angalia marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza (+) au kupunguza (−). Kwenye skrini yanaandikwa STFT na LTFT. Injini ikishapata moto, jumlisha hizo namba mbili. Kati ya −10 na +10 hakuna shida. Kama kwenye silensa (injini inanguruma bila kukanyaga mafuta) unapata +20 na zaidi, halafu ukikanyaga hadi mzunguko 2,500 kwa dakika inashuka karibu na +5, kuna hewa inayopenya baada ya sensa ya hewa (inayopima hewa inayoingia kwenye injini). Shika bomba la mpira linalotoka kwenye eakilina (chujio la hewa), likunje kwa mikono: mpasuko hujificha upande wa chini, ndani ya mikunjo, na gari likiwa limetulia huuoni. Kagua pia vipira vidogo vya vakyumu.

Ikiwa silensa iko sawa lakini namba inapanda unapokanyaga au kupanda mlima, shuku sensa ya hewa iliyochafuka, au petroli isiyofika vizuri (chujio, pampu). Vumbi letu la kiangazi linapita kwenye eakilina isiyokaa sawasawa na kuganda kwenye waya mwembamba wa sensa. Ifungue, pulizia dawa maalumu ya kusafishia sensa ya hewa, iache ikauke dakika 15. Usiiguse kwa kitambaa, usiipulize kwa kompresa; ule waya unakatika.

4. Kwa P0301 hadi P0304, hamisha koili (inayoipa plagi umeme wa cheche). Namba ya mwisho ni silinda inayomisi. Kodi ikiwa P0302, zima gari, chukua koili ya silinda ya 2 uiweke ya 3, na ya 3 uiweke ya 2. Futa kodi, endesha. Ikija P0303, koili ni mbovu. Ikibaki P0302, badilishana plagi kwa njia hiyohiyo, kisha nenda kwenye nozo (inayopulizia petroli) na mwisho pima kompresheni. Ukikuta oili kwenye shimo la plagi, badilisha sili za mashimo hayo na gasketi ya kava ya juu, vinginevyo koili mpya nayo itakufa.

5. Futa kodi, endesha siku chache, soma tena. Kosa kama P0171 kwa kawaida linahitaji safari mbili kabla taa haijawaka. Taa kuzimika jioni moja si uthibitisho.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Nimeosha injini kule Sakina, sasa gari inamisi na taa inapepesa. Imeharibika?*
Marahaba. Maji yameingia kwenye mashimo ya plagi. Usiendelee kuiendesha. Toa koili, kausha mashimo kwa hewa kabla ya kutoa plagi, futa mipira ya koili, rudisha. Mara nyingi inatosha.

*Mkuu, fundi alitoa masega ili gari iwe nyepesi. Kila nikifuta P0420 inarudi.*
Na itaendelea kurudi. Sensa ya oksijeni iliyo nyuma ya masega inalinganishwa na ya mbele. Masega yasipokuwepo zote zinaonyesha kitu kimoja. Hakuna sensa utakayonunua itakayoondoa hilo. Rudisha masega.

*Kaka, Vitz yangu ikipanda Marangu inakosa nguvu, taa haiwaki. Ni sensa?*
Sehemu ya hilo ni mwinuko: injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Ila kama mwaka jana ilipanda vizuri mlima huohuo, anza na eakilina, kisha soma marekebisho ya mafuta ukiwa mlimani na mtu mwingine akishika simu. Ikisoma zaidi ya +10 pale juu, rudi hatua ya 3.