Kuandaa hafla ya mwaka ya wahitimu wa sekondari Mbeya au Iringa, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa kamati ya watu watano hadi saba inayotaka kuwakusanya waliosoma pamoja kwa chakula cha jioni. Hesabu zote ni za watu 120.

1. Tarehe, miezi minne kabla

Chagueni Jumamosi ya mwisho wa Septemba au ya mwanzo wa Oktoba. Mvua bado, baridi kali imekwisha, na mabasi hayana vurugu za Desemba. Juni shule zikifunga bwalo linapatikana kwa urahisi, lakini usiku wa Juni na Julai Mbeya, Mafinga au Njombe wageni watakula na makoti yao na saa tatu wameshaondoka. Mwanzoni mwa Agosti, Mbeya msiiguse: Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale inajaza gesti.

Wanaotoka Dar es Salaam wafike Ijumaa. Lori moja likiharibika mlima Kitonga, foleni inakula nusu siku, na aliyepanga kuingia Mbeya Jumamosi hiyohiyo atakuta vyombo vinaoshwa.

2. Hesabuni waliolipa, si walioahidi

Ukumbi, muziki, MC, mapambo na mpiga picha bei yake ni ileile waje 60 au 120. Chakula na vinywaji vinakwenda kwa kichwa. Tuseme vya kwanza ni shilingi 2,400,000 na kichwa ni 35,000. Wakilipa 120, kila mmoja atatoa 55,000. Wakilipa 80, ni 65,000. Kamati nyingi hutangaza 55,000, wakaja 80, kisha zinaanza kutembeza bakuli wiki ya mwisho. Chukueni theluthi mbili ya waliosema "nipo" kwenye kundi la WhatsApp, mpange mchango kwa idadi hiyo.

Pesa isiingie kwenye laini binafsi ya mhazini, hata awe mchungaji. Itachanganyika na ada ya watoto wake na maswali hayataisha. Chama kilichosajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya za Kiraia kinaweza kufungua akaunti kwa jina lake, watia saini wawili. Ambacho hakijasajiliwa kitafute laini mpya ya shughuli hiyo tu, na tangazo liseme "weka na ya kutolea". Makato ya watu 80 yakiangukia kamati, hao ni kuku kadhaa wameondoka mezani.

Kila Jumapili jioni wekeni kwenye kundi orodha ya waliolipa. Inakusanya kuliko kubembeleza. Fungeni siku kumi kabla.

3. Chakula

Msimwambie mpishi "watu 120" mkaishia hapo. Mpeni kilo: mchele kilo 18 (wa Kyela au Mbarali, nusu pilau nusu wali mweupe), nyama ya ng'ombe kilo 20, kuku 18 wa kukatwa vipande vinane kila mmoja, mikungu mitatu mikubwa ya ndizi za Tukuyu, maharage kilo 6, soda kreti 10 za chupa 24. Mboga za majani na parachichi ni rahisi huku, wekeni bila kubania.

Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Maharage yasiyolowekwa usiku kucha hayaivi kwa wakati hata kuni ziongezwe. Mpishi aliyezoea kupikia pwani ndiye hunaswa hapa. Mwambieni aanze saa nzima kabla ya muda aliouzoea.

Jeli ya kuchomea chini ya vyombo vya bufee isiwashwe kabla mgeni wa kwanza hajasimama. Makopo mengi hukaa saa mbili hivi. Yakiwashwa magharibi, yanazimika foleni ikiwa katikati, na kwa baridi ya huku mchuzi unaganda mafuta ndani ya dakika chache. Wekeni meza mbili zinazopakuliwa pande zote mbili. Vingine watu wajipakulie, ila kuku agawiwe na mhudumu, kipande kimoja kimoja. Akiachwa wazi, meza za mwisho zinakuta shingo.

4. Ukumbi na umeme

Jenereta ijaribiwe mchana huku muziki na taa vyote vimewashwa, si kuunguruma tupu. Kwa mwinuko huu injini hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake, kwa hiyo msichukue inayotosha kwa kubana.

5. Beji, meza, walimu na marehemu

Kwenye beji andikeni jina ambalo mtu aliitwa darasani, kwa herufi kubwa, chini yake mwaka wa kumaliza na bweni. Wanawake wengi wamebadili jina la ukoo na hakuna atakayewatambua kwa jipya. Lakabu isiandikwe bila ruhusa ya mwenyewe. Lakabu za kidato cha kwanza nyingine hazisomeki mbele ya mkwe.

Walimu wastaafu hawalipi. Watumieni gari la kuwachukua na kuwarudisha, wakae mbele lakini mbali na spika. Blanketi zito linamfaa mwalimu wa Makete kuliko ngao ya kioo.

Kabla ya dakika moja ya kimya, kila jina la marehemu lithibitishwe na ndugu yake, au wanadarasa wawili ambao hawakuipata habari kwa mtu mmoja. Darasa moja linaweza kuwa na akina Sanga wanne, na si ajabu anayesomwa akawa amekaa meza ya saba na soda mkononi.

6. Ratiba

Milango saa 11:30 jioni, ufunguzi 12:30, hotuba mbili za dakika tano tano, chakula saa 1:30 usiku. Chakula hakimsubiri mgeni rasmi. MC aambiwe hivyo kwa maandishi. Harambee ije baada ya kula na kabla ya muziki, kwa kitu kimoja chenye bei, kama tenki la lita 5,000 na mabomba yake. Muulizeni kwanza mkuu wa shule, msije mkapeleka tenki la tatu wakati wanafunzi hawana vitanda. Ahadi ziandikwe palepale pamoja na namba ya simu na tarehe ya kulipa.

7. Baada ya hafla

Chupa tupu zihesabiwe usiku uleule kabla wahudumu hawajaondoka, la sivyo dhamana ya kreti inakatwa. Taarifa ya fedha itoke ndani ya siku saba, pamoja na picha za risiti. Salio litajwe hata likiwa shilingi 4,500.