Muuguzi wa Mombasa anayehamia Uingereza: makaratasi, mtihani na njia ya kupanda kutoka bendi 5 ya mishahara

Viza ikishatoka, wengi huona kazi imekwisha. Viza ni ruhusa ya kuingia na kufanya kazi tu. Kinachompandisha muuguzi cheo kule ni ushahidi wa kazi ulioandikwa, na sehemu kubwa yake hukusanywa ukiwa bado Mombasa, kabla hujaacha kazi.

Anza na jina. Pwani tunayo tabu yetu: cheti cha kuzaliwa kinasema Fatma, cheti cha KCSE kinasema Fatuma, na leseni ya uuguzi ina jina la babu ambalo pasipoti haina. Baraza la kusajili wauguzi la Uingereza, NMC, hulinganisha karatasi zako na pasipoti, na majina yasipofanana faili husimama. Chagua jina la pasipoti, kisha mwone wakili akuandikie hati ya kiapo, au hati ya kubadili jina kama tofauti ni kubwa. Limalize hilo kabla ya kulipa ada yoyote.

Kisha ushahidi wa kazi. Hospitali nyingi za umma ziko mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi wa 2013, na msimamizi wa wodi anayekujua leo anaweza kuhamishwa kesho. Omba barua mapema, itaje wodi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na majukumu. "Alikuwa mfanyakazi mwema" haimsaidii mtu. Uthibitisho wa leseni usijaribu kuubeba mwenyewe. Baraza la Wauguzi la Kenya ndilo huutuma NMC moja kwa moja.

Kiingereza: mtihani wa IELTS wa kitaaluma, alama 7 kwa kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 kwa kuandika. Au OET, mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya, daraja B na C+ kwa kuandika. Kuandika ndiko kunakowaangusha wengi. Kwa maoni yetu OET inamfaa zaidi aliyezoea wodi, maana humtaka aandike barua ya kumkabidhi mgonjwa, si insha kuhusu utalii. NMC pia hupokea matokeo ya mitihani miwili iliyofanywa ndani ya miezi 12, mradi alama zisishuke chini ya kiwango chake.

Mtihani wa kompyuta wa NMC una sehemu mbili: hesabu za dawa, maswali 15 kwa dakika 30, na uuguzi, maswali 100 kwa saa mbili na nusu. Kipimo cha kifua kikuu cha viza hufanyiwa Nairobi. Usikikimbilie, cheti chake hudumu miezi 6 tu.

Kuhusu mawakala: sheria ya Uingereza ya 1973 inakataza wakala kumtoza mtu pesa kwa kumtafutia kazi. Tena Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wahudumu wa afya mwaka 2021, na waajiri wa kule hawaruhusiwi kusaka wauguzi hapa nje ya masharti yake. Wewe mwenyewe kuomba kazi moja kwa moja hakukatazwi. Anayekuitisha laki mbili "za nafasi" mwache na nafasi yake.

Ukifika, unaokungoja ni mtihani wa vitendo, OSCE. Una vituo 10: vinne vinafuata mgonjwa mmoja, kumpima, kupanga huduma, kumpa dawa na kumkabidhi, vinne ni vya stadi kama kuhuisha moyo au kutunza kidonda, viwili ni vya kuandika tu. Muuguzi aliyefanya kazi miaka kumi katika hospitali ya Makadara anaweza kuanguka hapa, na si kwa kutojua kazi. Huanguka kwa sababu msahihishaji hutoa alama kwa anachokiona na kukisikia. Ukinawa mikono haraka haraka, hukunawa. Ukiangalia mkanda wa mgonjwa kimya, hukuangalia. Sema kwa sauti: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, mzio wa dawa. Muulize apenda kuitwaje. Heshima yetu ya kumwita kila mzee "mama" au "baba" kule haieleweki. Dawa ambayo saa yake haijafika usiitoe, na iliyoachwa iandikiwe sababu. Kila karatasi iwe na tarehe, saa, jina na sahihi.

Ada ni pauni 794. Ukianguka vituo 7 au pungufu, unarudia hivyo tu kwa pauni 397. Ukizidisha hapo unarudia vyote. Nafasi ni tatu kwa ombi moja, na baada ya ya tatu unasubiri miezi 6.

Jifunze pia NEWS2, kipimo cha kugundua mgonjwa anayezorota, hadi iwe mkononi: pumzi, oksijeni, shinikizo, mapigo, fahamu na joto, kila kimoja kina alama. Jumla ya 5 inataka daktari aitwe haraka, 7 ni dharura. Ukimpigia daktari, fuata mpangilio wa SBAR: kilichotokea, historia, tathmini yako, unachotaka kifanyike. Hilo la mwisho ndilo gumu kwa mtu aliyefunzwa kungojea amri. Kule ukinyamaza, hesabu ni kwamba hukugundua.

Ukishasajiliwa unaingia bendi 5, ambayo nchini England ilianza na pauni 31,049 kwa mwaka 2025/26; bendi 6 ilianza na 38,682. Kupanda ndani ya bendi huja na miaka. Kuvuka kwenda bendi 6 hakuji: nafasi hutangazwa, unaiomba, unahojiwa. Tangazo huwa na orodha ya sifa zinazotakiwa, na wapangaji wa alama huisoma mstari kwa mstari. Jibu kila mstari kwa mfano wako. Ndiyo maana ya kufungua daftari tangu mwezi wa kwanza: umesimamia zamu lini, umemfundisha nani, ulizuia kosa gani la dawa (bila jina la mgonjwa). Mali bila daftari huisha bila habari.

Daftari hilohilo litatumika kila miaka 3 unapohuisha usajili: saa 450 za kazi, saa 35 za mafunzo ambazo 20 kati yake ni za pamoja na wengine, maoni matano kuhusu kazi yako, tafakari tano zilizoandikwa, na mazungumzo na muuguzi mwingine aliyesajiliwa.

Kabla ya kuhama hospitali, soma kipengele cha kurudisha gharama alizokulipia mwajiri kwenye mkataba. Deni linatakiwa lipungue kadiri unavyokaa; kama halipungui, peleka mkataba kwa chama cha wafanyakazi kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Na usiiandike hadi mwajiri mpya awe amekupa cheti cha udhamini na viza mpya imeidhinishwa, maana viza imefungwa kwa mwajiri.