SOMO: Aibu kwa Kiingereza, na kwa nini "it's a shame" si aibu

Asalaam alaykum jamani. Suali ni lile lile kila siku, "eti aibu ni shame?", nimechoka kumjibu mmoja mmoja inboksi kwa hiyo naandika hapa mara moja, anaetaka aseve. Nawakusudia zaidi maguide wa Mji Mkongwe hapa Zanzibar na vijana wa mahotelini Nungwi na Paje, ila hata wa skuli litamfaa.

1. Umefanya kosa na moyo unakusuta: "I am ashamed". Basi.

2. Umejikwaa mbele za watu, au jina la mgeni limekupotea mdomoni: hapo hukufanya dhambi, sema "I'm embarrassed". Kama ni haya tu za kusema na watu, hiyo "shy".

3. Kitendo kibaya ni "shameful", ukitaka kukaza "disgraceful". Mtu hana haya hana soni: "shameless". Angalia hapa, "ashamed" ni mwenye kuona aibu, "shameful" ni jambo la kutia aibu, kwa hiyo ukisema "He is shameful" nawe unakusudia jamaa kaona aibu, umeshamtukana.

4. HAPA SASA SOMENI POLEPOLE. "It's a shame" si aibu, ni masikitiko. Mgeni akikwambia "It's a shame we missed the sunset" hakulaumu, anasema bahati mbaya tu. Sasa nenda Mkunazini, pale kwenye kanisa la Anglikana lilojengwa palipokuwa soko la watumwa, utamkuta guide kasimama na wageni mbele ya yale masanamu ya mle shimoni yenye minyororo shingoni, watu wamenyamaza wengine machozi yanawatoka, yeye anawaambia "Slavery, it was a shame". Kwa sikio la Muingereza keshasema utumwa ulikuwa bahati mbaya, kama mvua kunyesha siku ya pikiniki! Wanaadamu waliuzwa pale mpaka 1873 Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipotia saini mkataba na Waingereza soko likafungwa, jambo zito namna hiyo halitajwi kwa neno la kukosa machweo. Sema "It was shameful", sema "It was a disgrace", na ukisema "It was evil" hujazidisha hata kidogo.

Tahadhari: usirukie "Shame on you". Hiyo ni kumsuta mtu usoni, mkubwa kwa mtoto au watu walokwisha kugombana. Na "Shame!" ikipigwa ukelele peke yake ni kuzomea, wabunge wa Uingereza huzomeana hivyo hivyo bungeni.

5. Mgeni kavaa nusu uchi Darajani: usimhukumu yeye, taja desturi. "Here it's considered disrespectful. Could you please cover your shoulders and knees?" Kanga ikiwepo mpe.

MASUALI

Kijana wa Kendwa: Maalim kwa hiyo aibu ni shame au sio?
— Soma namba 4.

Guide Mkongwe: Mbona mimi nasema it was a shame miaka yote hapo Mkunazini na tipu napata?
— Tipu wanakupa kwa ukarimu wao. Mimi nazungumzia heshima ya walouzwa pale.

Bint Wete: Ahsante maalim. Fedheha je? Na "disgusting" naisikia sana kwenye filamu, naweza kumwambia mtu?
— Umeuliza vizuri dada angu. Kufedheheshwa mbele za watu ni "humiliated". Alowavunjia heshima wazee wake huambiwa "He's a disgrace to his family". "Disgusting" ina kinyaa ndani yake, asili yake ni kwenye ladha, kitu ulichotia mdomoni kikakukirihi, ndo mana "You are disgusting" inauma sana. Bora ukiseme kitendo, "That was disgusting", na kazini iache kabisa.

Wa Jikoni Paje: Meneja kaniandikia "I'm disappointed in you", naona kama hajakasirika vile
— Kakasirika. Wenzetu hulaumu kwa sauti ya chini. Ikija "unacceptable" jua ni onyo, jibu "I'm sorry, it won't happen again" kisha utende kweli.

Bint Wete: La mwisho maalim. Mgeni wa Afrika Kusini kamuona mwanangu kalala kwenye kanga akasema "Ag, shame!", nikahamaki.
— Usihamaki, hakukutukana. Afrika Kusini shame ni neno la huruma na la kupendezwa pia, akiona kichanga husema hivyo, ukimwambia umeumwa nako husema hivyo hivyo, yaani pole. Akirudi mwambie "thank you" umkaribishe chai.