Kabla Hujarithisha Klasi, Pitia Haya

Msimu wa korosho ukikaribia, vijana wa Mtwara wanaojua kompyuta huombwa na vyama vya msingi vya ushirika watengeneze programu ya mapokezi na malipo. Wengi huanza na klasi mama ya Mzigo (klasi ni kiolezo cha kitu ndani ya programu), kisha klasi za Korosho, Ufuta na Mbaazi zinairithi, yaani zinachukua sehemu zake. Sawa, lakini angalia haya kwanza.

Hakikisha klasi mtoto kweli ni aina ya klasi mama. Korosho ni mzigo. Mkulima si mzigo, hata kama wote wana namba na jina la kijiji.

Kwenye lugha ya programu ya Java konstrakta, yaani sehemu inayojaza kitu kinapoundwa, hairithiwi. Ya mama ikidai kilo na bei, ya mtoto lazima iite ya mama kwa super(kilo, bei). Ukinyamaza, kompaila, yaani programu inayokagua na kutafsiri ulichoandika, inatafuta super() tupu, inaikosa, inagoma. Heri igome. Kwenye lugha ya Python, ukiandika __init__ (konstrakta ya huko) ya mtoto ukasahau super().__init__(), hakuna anayekuambia. Sehemu ya mama inabaki bila kujazwa na programu inakufa baadaye, foleni ikiwa imejaa.

Hili sasa lisome mara mbili: ndani ya konstrakta ya mama, usiite methodi (kazi iliyoandikwa ndani ya klasi) ambayo mtoto anaweza kuiandika upya. Kijana mmoja ninayemfahamu alikitengenezea chama programu ya Java. Konstrakta ya Mzigo ilipokea kilo na bei ya mnada, kisha ikaita kokotoaMalipo() na kuhifadhi jibu. Korosho nayo iliiandika upya methodi hiyo ili itoe makato. Ukiisoma kodi, yaani maandishi ya programu, si ushuru, huoni tatizo. Ila Java huanza na konstrakta ya mama, na humo humo huita kokotoaMalipo() ya mtoto, wakati fildi ya makato, yaani nafasi inayohifadhi kiasi chake, bado ni 0 kwa kuwa zamu ya mtoto kuijaza haijafika. Chukua kilo 500, bei 3,000, makato 200 kwa kilo: karatasi ya malipo inatoka na 1,500,000 badala ya 1,400,000, na skrini haionyeshi kosa lolote. Wakulima walizichukua karatasi zile, wakapanga ada na mabati. Fedha zilipoingia benki pungufu, aliyeitwa mwizi mbele ya watu ni karani wa mizani, mama mtu mzima ambaye hajawahi kugusa mstari wa kodi. Inaniuma hadi leo.

Kwa hiyo konstrakta ijaze fildi tu, hesabu ifanyike pale inapohitajika. Kama ni lazima kuita methodi humo, iwe private au final, maneno yanayomzuia mtoto kuiandika upya. Wala usidhani lugha zote zinafanana: C++ ikiwa ndani ya konstrakta ya mama huita methodi ya mama, kwa hiyo makato ya mtoto hayaguswi kabisa.

Usirundike urithi vizazi vitano, utapotea mwenyewe. Jaribu kila klasi mtoto, si mama peke yake. Viwango vya makato visome kwenye jedwali, usivigandishe ndani ya kodi, maana hubadilika. Weka nakala ya data nje ya kompyuta ya ofisini, umeme hauna miadi. Na kabla karatasi ya kwanza haijamfikia mkulima, kaa na karani, mpige hesabu za mizigo kadhaa ya kila daraja kwa kikokotoo, mlinganishe shilingi kwa shilingi.