Jinsi ya kutazama Mad Max: Fury Road ya nyeusi na nyeupe sebuleni kwako

Ukitaka kujua kama TV yako inasema kweli, iwekee picha isiyo na rangi. Rangi huficha mengi. Kijivu hakina pa kujificha: kikiingiwa na ubuluu kidogo utauona, kikiingiwa na umanjano utauona, na nyeusi iliyofifia itakusumbua macho saa mbili nzima. Mimi ni fundi wa TV hapa Tanga. Natundika, nafunga ving'amuzi, naunga sabufa, na nikimaliza kazi kwa mtu anayependa sinema, filamu ninayopimia ni Mad Max: Fury Road, toleo lake lisilo na rangi. Nimeitazama mara nyingi kuliko filamu nyingine yoyote na sijaichoka. Haya ni maelezo kwa anayetaka kuiona nyumbani kwake ikiwa imenyooka.

Kwanza, jua unachokwenda kukitazama

George Miller, Mwaustralia, aliitoa filamu hii mwaka 2015 ikiwa na rangi zilizokolezwa makusudi: mchanga wa chungwa, anga ya buluu inayovutia kijani. Sehemu kubwa ilipigwa mwaka 2012 kwenye jangwa la Namibia. Awali ilikuwa ipigwe Broken Hill, Australia, lakini mvua zikanyesha hadi jangwa lile likachanua maua, ikabidi wahame. Februari 2016 ilichukua Oscar 6. Mwishoni mwa mwaka huohuo likatoka toleo linaloitwa Black & Chrome, nyeusi na nyeupe mwanzo hadi mwisho. Hadithi ni ileile, ya Furiosa, mwanamke dereva wa lori anayewatorosha wanawake wa mtawala katili jangwani, na urefu uleule wa saa mbili.

Wazo lenyewe lilikuwa la zamani. Walipokuwa wanatengeneza Mad Max ya pili, iliyotoka 1981, mtunzi wa muziki alipewa nakala ya bei rahisi isiyo na rangi ya kufanyia kazi. Miller akaiona nakala ile, ikamkaa moyoni. Amesema waziwazi kwamba kwake Fury Road iliyo bora ni hii isiyo na rangi.

Hatua ya 1: Tafuta toleo lenyewe

Watu wengi huniambia, "Fundi, si nashusha tu rangi kwa rimoti hadi sifuri?" Utapata picha ya kijivu, ndiyo, lakini hutapata Black & Chrome. Fanya jaribio hili upate kuelewa. Tandika kitandani kanga yenye nyekundu iliyokolea na kijani kilichokolea, ipige picha kwa simu, kisha iondoe rangi kwenye simu hiyohiyo. Mara nyingi utaona pindo na mji vimeungana, ua limemezwa, na jina ndilo linabaki kusomeka kwa sababu lina weusi wake. Rangi mbili zilizokuwa zinapigana zimekuwa kijivu kimoja.

Sababu ni hesabu. TV za HD hukadiria mng'ao wa kila nukta kwa kuchukua takriban asilimia 21 ya nyekundu, 72 ya kijani na 7 ya buluu. Hesabu hiyo haijui uso wa mtu wala mchanga. Anga ya buluu iliyokuwa inasimama mbali na uso wa Furiosa inaweza kulingana nao kabisa. Waliotengeneza toleo hili waliipitia filamu upya: hapa anga imekandamizwa ikawa karibu nyeusi, pale uso umeinuliwa, kwingine vumbi limeachwa liwe jeupe tupu. Kazi hiyo rimoti haiwezi.

Ukipata diski ya Blu-ray, shukuru. Blu-ray ya kawaida inaweza kupitisha hadi megabiti 40 za picha kwa sekunde, wakati picha inayokuja kwa intaneti huwa sehemu ndogo tu ya hizo. Kwenye filamu ya rangi huenda usione tofauti. Kwenye kijivu utaiona kwenye anga na kwenye dhoruba ya mchanga: badala ya mng'ao unaofifia taratibu, unapata michirizi kama ngazi. Kama huna diski, inunue kwa huduma halali, ipakue yote kwanza ukiwa na bando la kutosha, uchague ubora wa juu kabisa, ndipo uitazame.

Hatua ya 2: Chumba

Tazama usiku. Taa ya sebuleni ya mwanga wa njano ikiwaka, macho yako yatazoea ule unjano na kijivu cha TV kitaonekana kama kina buluu, hata kama TV haina kosa. Zima taa zote, kisha weka taa ndogo nyeupe nyuma ya TV, imulike ukuta na isikuchome macho. Inasaidia sana kwa TV za kawaida zenye taa za LED nyuma ya kioo, kwa sababu nyeusi yake ni kijivu kizito, na mwanga kidogo ukutani huifanya ionekane nyeusi zaidi. Mwenye OLED, TV ambayo kila nukta hujiwakia yenyewe na nyeusi yake ni nyeusi kweli, hana haja kubwa ya ujanja huu. Funika pia vile vitaa vya king'amuzi na soketi. Kitaa kimoja chekundu kando ya filamu isiyo na rangi kinavuta jicho kuliko utakavyodhani.

Hatua ya 3: Mipangilio ya TV

Hapa usiwe na haraka.

Ondoa ile hali ya dukani, inayong'aa kupita kiasi na yenye ubuluu. Imewekwa ili TV ishindane na nyingine hamsini chini ya taa kali za duka. Chagua hali ya sinema. Kama TV yako ina Filmmaker Mode, hali inayoonyesha filamu kama watengenezaji walivyoikusudia, chagua hiyo na nusu ya kazi imekwisha.

Kisha nenda kwenye joto la rangi na uchague ile yenye umanjano zaidi, kwenye TV nyingi huandikwa Warm au Warm 2. Dakika tano za kwanza utaiona imechakaa. Vumilia. Filamu hupangwa kwa weupe wa kipimo cha kelvini 6500, karibu sawa na mwanga wa mchana wenye mawingu, na hali hiyo ndiyo huwa karibu zaidi na kipimo hicho. Mara ya kwanza kuweka filamu hii nyumbani, TV ilikuwa bado kwenye hali ya ubaridi, yaani yenye ubuluu, nami sikugundua. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, akainua macho akasema, "Baba Amina, mbona watu wote kama maiti?" Wale vijana wa vita, askari wa yule mtawala, hujipaka weupe mwili mzima, nikamwambia ndivyo walivyo. Akanionyesha yule mwanamke anayeendesha lori: "Na huyu naye?" Alikuwa sahihi. Nilipobadilisha joto la rangi, ngozi ya Furiosa ikarudi kuwa ngozi, na vijana wale wakabaki na weupe wao wa chokaa.

Zima kinacholainisha mwendo. Kila kampuni ina jina lake, lakini kazi ni moja: TV inabuni picha za ziada katikati ya zile 24 za kila sekunde, na filamu inateleza kama tamthilia ya studio. Kwa filamu hii ni kosa kubwa zaidi, maana sehemu nyingi kasi yake ilichezewa makusudi, zingine zimeharakishwa, zingine zimepunguzwa, na ule mkwaruzo wa mwendo ndio mapigo ya moyo wa filamu. Zima pia kontrasti inayojirekebisha yenyewe, kuokoa umeme, na kile kinachopima mwanga wa chumba, la sivyo kijivu kitapanda na kushuka katikati ya tukio. Ukali wa picha uteremshe hadi sifuri au karibu yake. Ukiuacha juu, kila bomba na kila mkunjo wa uso utapata mstari mweupe pembeni.

Usivute picha kujaza kioo. Filamu ni pana, itaacha ukanda mweusi juu na chini, uache ulivyo.

Hatua ya 4: Pima kwa vipande vya kijivu

Kwenye simu au kompyuta, kwa programu yoyote ya kuchorea, tengeneza picha ya vipande 11 vilivyopangwa kutoka nyeusi kabisa hadi nyeupe kabisa, kila kimoja kikipanda asilimia 10. Ongeza kipande chembamba cha asilimia 5 baada ya nyeusi, na kingine cha 95 kabla ya nyeupe. Weka kwenye flashi, chomeka kwenye TV. Hakikisha TV imeshika mipangilio ileile kwenye flashi, kwa kuwa nyingine hutunza mipangilio ya kila tundu peke yake.

Chumba kikiwa na giza, shusha mwangaza hadi kile cha asilimia 5 kipotee, halafu pandisha polepole mpaka kianze tu kuonekana. Simama hapo. Kisha pandisha kontrasti mpaka kile cha 95 kikaribie kumezwa na nyeupe, urudi nyuma hatua mbili tatu. Sasa tazama vile vya katikati: vyote viwe kijivu kimoja cha familia moja. Kama vya giza vina uwekundu na vya mwanga vina ubuluu, ingia kwenye mizani ya nyeupe (White Balance) ukapunguze hiyo rangi hatua moja moja. Ukikosa uhakika, acha. TV iliyopotoka kidogo ni afadhali kuliko iliyorekebishwa kwa kubahatisha.

Kwa wenye projekta

Kuta nyingi za nyumba zetu zimepakwa krimu, na krimu itaifanya filamu nzima kuwa ya zamani kwa namna ambayo Miller hakuikusudia. Shuka ni bora, ila lisiwe lililofuliwa kwa bluu, maana ile bluu utaiona mawinguni. Projekta za DLP (zinazotumia vioo vidogo sana) zenye gurudumu la rangi huweza kurusha vijipinde vya mvua pembeni mwa vitu vyeupe kwenye giza, na nyeusi na nyeupe ndiyo inayovidhihirisha. Wengine hawavioni kabisa, wengine wanaumwa kichwa. Jaribu dakika kumi kabla hujaalika watu.

Hatua ya 5: Sauti

Spika za TV peke yake hazitoshi. Mbili kati ya zile Oscar 6 ni za sauti. Unga sabufa, iwe na nguvu ya kutosha kusikia injini tumboni, na umwombe radhi jirani mapema.

Hatua ya 6: Kutazama

Kama hujawahi kuiona ya rangi, anza na hiyo. Nasema hivi kwa kuwa kuna kitu toleo hili linakipoteza na ni haki ukijue: kijani. Kule juu ya mwamba wa mtawala kuna mimea, na wale wanawake wanatoroka kwenda kutafuta mahali pa kijani. Kwenye filamu ya rangi, jicho lililochoka na chungwa la jangwa linaona kijani kile na kuelewa kiu ya watu hawa bila kuambiwa. Kwenye nyeusi na nyeupe inabidi uilete mwenyewe. Hata ule moto unaotoka kwenye gitaa la yule mpigaji wa vitani unapungua ukali.

Mengine yote, kwangu, yanaongezeka. Angalia ile grisi nyeusi Furiosa aliyojipaka kwenye paji la uso. Kwenye rangi ni uchafu tu. Hapa inaukata uso wake vipande viwili, na yale macho mawili meupe chini yake hayaachi kukutazama. Angalia Nux, mmoja wa wale vijana wa vita, anapojipulizia rangi ya fedha mdomoni: meno, midomo na chuma cha gari vinakuwa kitu kimoja, na unaelewa kwa nini toleo linaitwa Chrome. Mpwa wangu, aliyekuwa ameshaiona ya rangi kwenye simu, aliniambia kwenye dhoruba, "Mjomba, mchanga umekuwa kama unga." Ni kweli, unaona punje.

Na usiku. Matukio ya usiku yalipigwa mchana kweupe, mwanga ukaachiwa uingie mwingi kwenye kamera, kisha yakatiwa giza na kupakwa buluu. Buluu ile ilikuwa ikinisumbua siku zote. Hapa imeondoka, na lile tope ambalo lori linakwama limekuwa fedha tupu, mti mmoja umesimama mweusi. Ukiwa umeweka vizuri kile kipande cha asilimia 5, utawaona wale watu wanaotembea kwa miguu ya miti wakipita nyuma kwenye ukungu. Usipowaona, simamisha filamu, rudi hatua ya 4.

Hutapotea kwenye fujo ya magari hata bila rangi za kutofautisha, kwa kuwa Miller na mpigapicha wake John Seale waliweka jambo la maana katikati ya kioo karibu kila mara. Jicho halihangaiki. Mhariri, Margaret Sixel, akalikata kwa kasi ile kwa sababu hiyo.

Neno kwa wazazi: damu isiyo na rangi inaonekana kama oili, lakini ukatili ni uleule. Watoto walale kwanza.

Ukiipenda, iko Parasite ya Bong Joon-ho isiyo na rangi, na Godzilla Minus One ya Takashi Yamazaki, ambayo toleo lake la aina hii lilitoka 2024. Hiyo ya Godzilla ijaribie kwenye mipangilio hiihii bila kugusa kitu.

Kabla ya kuzima, andika kwenye karatasi namba zote ulizoziweka: mwangaza, kontrasti, ukali, joto la rangi, mizani ya nyeupe. Ibandike kwa selotepu nyuma ya TV. Kesho kuna mpira, na kuna mtu atakayeirudisha kwenye hali ya dukani.