Kufuta diski kabla ya kuuza kompyuta: jinsi ya kuchagua programu inayofaa

Lubumbashi kompyuta haitupwi. Ikitoka ofisini inaenda kwa fundi, ikitoka kwa fundi inaenda soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, au kwa mwanafunzi wa chuo kikuu, kampasi ya Kasapa, na ikichoka kabisa inafunguliwa vipuri, diski yake ikauzwa peke yake. Hilo ni jambo jema, maana watu wengi wamejifunza kazi kwenye mashine za okazioni. Ubaya ni kwamba kila anayeipokea anapokea na yaliyomo. Chukua diski ya duka la fotokopi: ndani kuna kadi za mpiga kura zilizoskaniwa, ambazo ndizo kitambulisho chetu cha kila siku, kuna diploma, hati za viwanja, picha za pasipoti za mtaa mzima. Wenye kadi hizo hawakuulizwa kama wanakubali ziuzwe pamoja na kompyuta.

Wateja huniuliza: "Fundi, programu gani inafuta kabisa?" Sijibu kabla ya kujua mambo mawili: diski ni ya aina gani, na umeme utakaa kwa muda gani. Jina la programu linafuata baada ya hapo.

Kwanza tuelewane kuhusu kufuta. Ukitupa faili kwenye kapu na kulimwaga kapu, Windows inaondoa tu maelezo ya mahali faili ilipo. Faili yenyewe inabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kufomati kwa haraka ni vilevile. PhotoRec, programu ya bure, inarudisha picha kutoka kwenye diski ya namna hiyo bila ujuzi mkubwa. Mwaka 2003 watafiti Simson Garfinkel na Abhi Shelat walichapisha matokeo ya diski 158 walizonunua zikiwa zimetumika. Kati ya 129 zilizokuwa bado zinafanya kazi, ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa sawasawa. Wauzaji wengi waliamini wameshafuta.

Hatua ya 1: Hamisha unachotaka kubaki nacho

Nakili faili zako kwenye diski nyingine, kisha zifungue huko uone kama zinasomeka. Baada ya hatua zinazofuata hakuna fundi wa Lubumbashi wala wa Ulaya atakayekurudishia kitu.

Hatua ya 2: Jua diski yako ni ya aina gani

Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka. Ukiweka sikio karibu unaisikia. SSD haina sauti, ina chipu tu. SSD nazo ni mbili: ile yenye umbo la diski ya laptopu inayotumia waya za SATA, na ile nyembamba kama kipande cha chingamu inayochomekwa moja kwa moja kwenye bodi. Hiyo nyembamba mara nyingi ni NVMe, njia ya kuunganisha yenye kasi kuliko SATA, lakini nyingine bado ni SATA, kwa hiyo soma karatasi iliyobandikwa juu yake. Kama hutaki kufungua mashine, katika Windows 10 na 11 fungua meneja wa kazi kwa Ctrl+Shift+Esc, uende kwenye sehemu ya utendaji: pale kwenye diski imeandikwa HDD au SSD.

Tofauti hii ndiyo inayoamua kila kitu. Kwenye diski ya sahani, ukiandika sifuri mahali fulani, sifuri inakaa palepale, na kilichokuwepo kimefunikwa. SSD haifanyi hivyo. Ili chipu zake zisichakae upande mmoja, inagawa maandishi yenyewe: unaiambia iandike hapa, inaandika kwingine, na data ya zamani inabaki kwenye sehemu ambazo Windows haizioni. Mwaka 2011 kikundi cha Chuo Kikuu cha California, San Diego, kilipima jambo hili kwa kufungua chipu zenyewe. Kiligundua kwamba kuandika juu ya SSD nzima mara mbili kulitosha mara nyingi, lakini si kila mara, na kwamba kufuta faili mojamoja hakukufaulu hata kidogo.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya muda na umeme

Diski ya sahani ya GB 500 inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde inahitaji kama saa 1 na dakika 23 kwa mzunguko mmoja, yaani kuandika juu ya diski nzima mara moja. Ya TB 1 inahitaji karibu saa 2 na dakika 47. Ukiongeza kuhakiki, yaani kuisoma diski yote tena uone kama imefutika, zidisha mara mbili. Ukiichomeka kwa USB ya zamani, ile 2.0, GB 500 hizo zitakula zaidi ya saa 4.

Sasa linganisha na delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, ya SNEL, shirika letu la umeme, mtaani kwako. Programu nyingi za kufuta, umeme ukikatika, huanza upya tangu mwanzo. Ndiyo maana kwa diski iliyotolewa kwenye kompyuta ya mezani napendelea kuihamishia kwenye laptopu yenye betri nzuri, au nasubiri usiku kama mtaa wetu unapata umeme usiku. Ondulere (UPS) ya kawaida, ile ndogo ya ofisini, inakupa dakika za kuzima mashine vizuri. Haikupi saa tatu.

Hapa ndipo suala la mizunguko linapoingia. Kuna watu watakaokuambia kwamba bila mizunguko 35 hujafuta. Hesabu hiyo ilitoka kwenye makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996, na ilikusudiwa kufunika aina zote za diski za wakati ule kwa pamoja. Gutmann mwenyewe aliongeza maelezo baadaye akisema hakuna maana ya kufanya mizunguko yote 35 kwenye diski za kisasa. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake SP 800-88 uliorekebishwa mwaka 2014, iliona mzunguko mmoja wa kuandika juu ya diski ya sahani kwa kawaida unatosha kuzuia data isirudishwe. Mizunguko 35 kwenye GB 500 ni siku mbili nzima bila umeme kukatika. Fanya mzunguko mmoja, na muda unaobaki utumie kuhakiki.

Hatua ya 4: Chagua programu

Naanza na ile ambayo wengi wanaifahamu, DBAN. Ilikuwa nzuri wakati wake, ila toleo lake la mwisho ni la mwaka 2015. Haikutengenezwa kwa SSD, na kwenye mashine mpya mara nyingi inashindwa hata kuwaka. Iache.

Kwa diski ya sahani natumia ShredOS. Ni mfumo mdogo unaowaka kutoka kwenye fleshi, na ndani yake mna nwipe, programu iliyotokana na moyo wa DBAN lakini bado inatunzwa. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, inahakiki, na matoleo mapya yanatoa ripoti ya PDF. Faili yake ni ndogo pia, jambo ambalo mtu anayenunua mega kidogo kidogo ataliona.

Kwa SSD unahitaji programu inayoiamuru diski ijifute yenyewe kutoka ndani. Kabla ya kupakua chochote, angalia BIOS ya mashine yako, ile menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka. Dell Latitude nyingi zina kitu kinaitwa Data Wipe, na HP nyingi za ofisini, kama EliteBook, zina Secure Erase. Laptopu hizi zimejaa hapa mjini, na wenyewe hawajui kwamba chombo kiko ndani tayari. Kama BIOS yako haina, pakua SystemRescue, mfumo mwingine unaowaka kutoka kwenye fleshi, ambao una hdparm (amri ya SSD za SATA) na nvme (ya SSD za NVMe). Ni nzito kuliko ShredOS, basi itafute kwa rafiki mwenye Wi-Fi.

Kama una Windows tu, na diski ya sahani umeichomeka kwa nje, diskpart inatosha. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, kisha:

diskpart
list disk
select disk 1
clean all

Neno "all" ndilo linaloandika sifuri kila mahali. "clean" peke yake inaondoa jedwali tu. Weka namba ya diski yako badala ya 1, na kabla ya kubonyeza Enter, linganisha ukubwa wa diski uliyochagua na ule ulioandikwa kwenye diski yenyewe. diskpart haitakuuliza mara ya pili.

Programu za Windows zinazojitangaza kufuta "kwa kiwango cha jeshi" na kuomba pesa sizipendekezi. Programu inayoendeshwa ndani ya Windows haiwezi kufuta diski inayoikalia. Zile zilizovunjwa ufunguo, zinazopita kwenye fleshi za watu, ziogope zaidi: unaipa programu usiyoijua ruhusa ya kusoma diski nzima.

Kampuni za madini na benki ni habari nyingine. Wakaguzi wao wanaweza kudai cheti, na hapo Blancco, programu ya kufuta ya kulipia inayotoa cheti, ina nafasi yake.

Hatua ya 5: Diski ya sahani kwa ShredOS

Andika faili ya ShredOS kwenye fleshi kwa Rufus au balenaEtcher. Chomoa kila diski ambayo hutaki kuifuta. Usitegemee macho yako tu. Washa mashine kutoka kwenye fleshi, na nwipe itaonyesha orodha ya diski.

Jambo moja litawasumbua wengi hapa kwetu: laptopu zetu nyingi zinatoka Ubelgiji na Ufaransa, zina kibodi ya AZERTY, wakati ShredOS inaanza ikidhani una QWERTY. Ili kupata herufi m, inayofungua orodha ya mbinu, bonyeza kitufe cha koma. Chagua mbinu ya kujaza sifuri, hakikisha kuhakiki kumewekwa kwenye mzunguko wa mwisho, chagua diski kwa kitufe cha nafasi, kisha Shift na S. Herufi S iko mahali palepale kwenye kibodi zote mbili. Usisogeze meza, acha ifanye kazi.

Hatua ya 6: SSD

Kwa SSD ya SATA, washa SystemRescue, kisha:

hdparm -I /dev/sda

Hakikisha kwa jina na ukubwa kwamba sda ndiyo diski unayoikusudia. Chini kabisa, sehemu ya usalama, unataka kuona "not frozen". Ukiona "frozen" bila "not", lalisha mashine kwa systemctl suspend, iamshe, uangalie tena. Mara nyingi inafunguka. Halafu:

hdparm --user-master u --security-set-pass lushi /dev/sda
hdparm --user-master u --security-erase lushi /dev/sda

SSD nyingi humaliza ndani ya dakika chache. Lakini shika hili: umeme ukikatika katikati, diski inabaki imefungwa kwa neno la siri uliloliweka (hapa ni lushi), na haitakubali kusomwa wala kuandikwa. Haijafa. Irudishie amri ya pili kwa neno lilelile na itamaliza kazi. Kwa sababu hiyo tumia neno rahisi, liandike kwenye karatasi kabla ya kuanza, na usifanye kazi hii kupitia adapta ya USB. Chomeka diski kwenye SATA ya kweli.

Kwa NVMe amri ni fupi:

nvme list
nvme format /dev/nvme0n1 --ses=1

Hatua ya 7: Hakiki mwenyewe

Hatua hii mafundi wengi wanairuka, na kwangu ndiyo inayotofautisha kazi na maneno. Ule utafiti wa San Diego ulikuta SSD ambayo ilijibu kwamba imemaliza kujifuta, huku data yote bado imo. Usiamini ujumbe kwenye skrini. Ndani ya SystemRescue andika:

cmp /dev/sda /dev/zero

Kwa NVMe weka /dev/nvme0n1 badala ya /dev/sda. Amri hii inasoma diski nzima. Ikiisha kwa kusema EOF, kila baiti ni sifuri. Ikisema "differ", angalia kilichopo kwa hexdump -C /dev/sda: baadhi ya SSD hujijaza ff badala ya 00, na hilo si tatizo. Ukiona maandishi unayoweza kuyasoma, rudia kazi. Mwisho ipitishe PhotoRec juu yake. Isipate hata picha moja.

Hatua ya 8: Diski isiyokubali

Kama diski imekufa, au smartctl -A, amri ya kukagua afya ya diski, inaonyesha sekta nyingi zilizohamishwa (vipande vibovu ambavyo diski imeacha kuvitumia), hakuna programu itakayofika kote, kwa sababu sekta zilizotengwa hazifikiwi tena na maandishi ya kawaida. Hiyo usiiuze. Diski kubwa za mezani zitoboe sahani kwa drili mahali kadhaa. Za laptopu mara nyingi zina sahani za kioo: ifunge ndani ya gunia zito, vaa miwani, piga nyundo mpaka usikie vipande. SSD ifungue, uvunje kila chipu, siyo bodi tu. Usiichome moto, moshi wa plastiki na bodi ni sumu kwako na kwa watoto wa jirani.

Karatasi ya mwisho

Kwa mama mwenye duka au papa anayeuza kompyuta tatu za ofisi, naandika karatasi moja kwa kila diski: namba ya diski, aina, mbinu, tarehe, matokeo ya kuhakiki, sahihi yangu. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu, Kongo (RDC), ina Sheria ya Dijitali, Amri-Sheria namba 23/010, yenye sehemu inayolinda data binafsi za watu, na anayehifadhi kadi za wateja anapaswa kuweza kuonyesha alizifanyia nini. Nakala moja anabaki nayo mwenye diski. Nyingine naibandika na gundi kwenye diski yenyewe, ili fundi wa Kenya au wa Katuba atakayeinunua ajue haina haja ya kuipitisha PhotoRec.