Kurekodi wazee waliomkimbia Amin

Mwanza na Bukoba bado wapo wazee waliovuka kutoka Uganda kati ya 1971 na 1979. Ukitaka kumbukumbu zao zifae kama ushahidi, anza na mahali pa kukaa. Chumba chenye mapazia kinashinda kibaraza. Upepo wa ziwa ukishaingia kwenye kanda hautoki. Simu unayorekodia iwe sentimita 30 hivi kutoka mdomoni, juu ya kitenge kilichokunjwa, mtandao umezimwa. Ikiita wakati mzee anaeleza kaka yake alivyochukuliwa, habari hiyo hataianza tena.

Ridhaa irekodiwe kwa sauti yake: jina litajwe au lisitajwe, nani aruhusiwe kusikiliza. Akigeuza mawazo kesho, futa.

Usiulize "Amin aliua nani?" Utapewa hotuba. Uliza: "Babu, siku hiyo ulikuwa umesimama wapi? Waliokuja walikuwa wangapi? Walivaa sare au kiraia? Walimpeleka upande gani?" Makachero wa Nakasero (State Research Bureau), kikosi cha Naguru (Public Safety Unit) na polisi wa jeshi wa Makindye, wote wa Kampala, vilikuwa vyombo tofauti, lakini wengi huwaita wote "watu wa Amin". Daftari lako liwe na safu tatu: aliona, aliambiwa, anakisia.

Kinachoharibu kanda nyingi ni tarehe. Mwaka usiung'ang'anie; uliza kama ni kabla au baada ya amri ya kufukuza Wahindi (Agosti 1972), kuuawa kwa Askofu Mkuu wa Anglikana wa Uganda, Janani Luwum (Februari 1977), au kuvunjwa kwa daraja la Kyaka, kwenye Mto Kagera (Novemba 1978). Mzee wa Mwanza akisema "ndege ilipotupiga mabomu", usikimbilie kuandika Vita vya Kagera (1978–79). Ndege za Uganda ziliupiga mji Septemba 1972. Mwaka 1979 ndege ya Libya ililenga matangi ya mafuta, mabomu yakaangukia wanyama wa hifadhi ya kisiwa cha Saanane. Akitaja swala waliokufa, mwaka umeupata. Akisema alikuja na MV Bukoba mwaka 1972, meli hiyo haikuwepo bado. Huenda ni MV Victoria. Usimbishie. Andika pembeni, umrudie baada ya chai.

Saa moja inatosha. Akianza kurudia sentensi ileile, au mikono ikitetemeka, zima, mkae tu. Usiku huohuo nakili faili mara mbili, moja nje ya simu, na kama aliomba jina lisitajwe, lisiwe hata kwenye jina la faili.